Kigugumizi cha Kidole

Nyumbani,
3 Februari

Mke wangu mdogo,

Salamu nakutumia tele. Zitakazobaki wape majirani, kama huko mjini kwenu watu bado wana majirani. Mimi ni mzima, ukiondoa goti la kushoto, sikio la kulia na huu mkono ulionistaafisha. Jana nilijaribu kujinyoa ndevu, nikatoka na uso kama ramani yenye mito myekundu. Kinyozi anayetetemeka ni sawa na mpishi anayepiga chafya: hata akiwa bingwa, wateja hawarudi.

Shangazi yako huja kila Jumapili na bakuli la chakula na mawaidha, vyote vikiwa vimepoa njiani. Paka wako amezaa tena. Nimemuuliza baba wa watoto ni nani, akaniangalia vile vile ulivyoniangalia wewe nilipokuuliza utaolewa lini. Sikurudia swali.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Kwanza, sikio. Pili, simu inanikimbiza. Barua inanipa nafasi ya kusema uongo kwa mpangilio.

Habari nyingine ni kwamba nimeanza shule. Jirani wa ukuta mmoja, yule mwalimu mstaafu anayetembea na kalamu nyekundu mfukoni kama askari na bastola, ameamua kunielimisha kabla sijafa. Kila barua yangu anaipitia kabla sijabandika stempu. Lile neno langu la kurara ndilo limempandisha homa. "Kulala, mzee! Ulimi juu! Ku-la-la!" Nikamwambia, Mwalimu, nyumba hii kuna kulala na kuna kurara. Kulala ni kufumba macho kimya kama mtu mwenye adabu zake. Kurara ni ninavyofanya mimi, mpaka mabati yanaomba msaada. Na kamusi hiyo si yangu, ni ya bibi yako, aliyepiga taipu ofisi ya shule maisha yake yote na akajua kila herufi inakaa wapi. Alianza kwa kunicheka nilivyoandika, akaishia kusema hivyo hivyo mwenyewe. Kila asubuhi: "Mzee, umerara salama?" Mwalimu amepiga mstari. Na hapa pia atapiga, utaona.

Kompyuta uliyoniachia inafanya kazi. Kila asubuhi nafungua ule ukurasa wa familia uliotutengenezea. Naandika anwani kutoka kwenye karatasi uliyobandika ukutani, kidole kimoja, herufi moja moja, kama kuku anayedonoa. Naangalia picha. Zile sauti za bibi yako ulizorekodi alipokuja kwako kutibiwa, ulisema ziliharibika. Basi, vitu huharibika.

Karatasi inaniishia. Bibi yako anakusalimu. Anasema uache kula umesimama.

Mumeo wa zamani,
Babu


Mjini,
27 Februari

Mume wangu mkubwa, shikamoo.

Barua yako imefika, mistari myekundu minne, yote chini ya neno lile lile. Nimefurahi kusikia paka hajabadilika.

Mimi ni mzima. Bado nakaa chumba kile cha ghorofa ya nne, juu ya dobi, kwa hiyo nguo zangu zinanuka sabuni hata zikiwa chafu. Kwenye ngazi tunapishana watu wengi na kila mtu anaangalia viatu vyake. Kitu pekee kinachonijua kwa jina huku ni kadi ya kufungulia lango la ofisi, nacho kimeliandika vibaya.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu "kompyuta" kama mtu anayejibu "hewa". Natunza seva. Seva, kwa lugha ya kinyozi, ni kompyuta isiyolala. Watu wanaomba ukurasa kutoka mbali, yenyewe inawapa. Kama ukurasa ni wa faragha, kwanza inawauliza neno la siri. Sisi tunatunza za maduka, za shule mbili, na za kliniki moja. Na huo ukurasa wetu wa familia umekaa humo humo, pembeni, kama mtoto wa mfanyakazi anayesubiri mama amalize zamu. Chumba cha seva ni baridi na kinavuma siku nzima. Nikitoka, kimya cha mtaani kinaniumiza masikio.

Sasa babu, niseme lililonifanya nikose usingizi. Salamu za bibi nilizisoma nikiwa jikoni, sahani mkononi, nakula nimesimama.

Bibi alifariki. Najua unajua. Lakini nataka uniambie wazi: unalala? Unakula? Kuna siku unasahau ni siku gani? Nimemwandikia shangazi apite katikati ya wiki akuangalie. Usimkasirikie, ni mimi.

Sauti, kama nilivyosema, ziliharibika.

Mjukuu wako


Nyumbani,
19 Machi

Mke wangu mwenye wasiwasi,

Salamu. Goti limepoa, sikio limezidi. Watoto wa paka wamefumbua macho na wamekuta dunia ni ile ile.

Shangazi yako alikuja Jumatano. Alikaa, akanishika mkono kama daktari anayelipwa kwa saa, akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza leo ni siku gani. Nikamwambia ni Jumapili, kwa kuwa umekuja. Akaanza kulia. Ilibidi nimwimbie siku zote saba mbele na nyuma ndipo akakubali kunywa chai. Usinitumie tena wakaguzi. Akili yangu ipo, nimeificha tu mahali ambapo ninyi hamtaitafuta.

Mwalimu naye ana lake. Juzi alisimama mlangoni, kakunja shingo. "Mzee, samahani, si kazi yangu, ila asubuhi nasikia sauti ya mwanamke kwako. Anazungumza. Anacheka." Nikamjibu, ni mke wangu. Aligeuka bila kuaga, na kalamu nyekundu ikabaki kwenye ngazi. Kumbe ni kweli mimi hufungua sauti mpaka mwisho, kwa sababu ya hili sikio. Ukuta wetu ni mwembamba, unashika siri kama chujio linavyoshika maji.

Nami nina la kukusema, kwa kuwa kukusema ni haki yangu ya ndoa. Kompyuta unazijua, sikatai. Unyoaji hukujaliwa. Kichwa cha mtu hakianzwi mbele, binti. Hata mwanagenzi wa siku ya kwanza anajua kichwa huanzwa nyuma, shingoni, unapanda taratibu, ili mwenyewe azoee ubaridi wa wembe. Wewe ulianzia kwenye paji la uso, ukamaliza umechoka, ukaacha kishungi nyuma ya sikio la kushoto. Ningekuwepo ningekuonyesha.

Sikuwepo. Tuyaache.

Bibi yako anasema bado unasimama.

Babu


Mjini,
6 Aprili

Babu, shikamoo.

Sote huku ni wazima, yaani mimi.

Kishungi kile cha bibi walikijua watu wawili duniani, na mmoja tulimzika. Nilisoma barua yako ngazini, nikarudi ofisini bila kupanda chumbani.

Kila ombi linaloifikia seva huandikwa: saa, mahali lilikotoka, mlango uliogongwa. Nikafungua kumbukumbu za ukurasa wetu. Niliyoyakuta yalinitia baridi kwanza, kwa sababu nilidhani ni mwizi. Kila asubuhi mtu anaingia kwenye chumba cha sauti. Haulizwi neno la siri. Anakaa muda mrefu, anatoka. Kesho tena. Halafu nikaona anwani ya mwizi ni nyumba niliyozaliwa.

Anwani niliyokuandikia ukutani ina kistari kimoja kilichoinama kabla ya neno "picha". Wewe uliondoa "picha" ukaweka "sauti", kwa sababu wewe ni wewe. Bila shaka mara za mwanzo ulikataliwa. Siku moja mkono ukatetemeka, kidole kikagonga kile kistari mara mbili, na mlango ukafunguka. Tangu hapo umekuwa ukigonga mara mbili kwa makusudi. Nimekosea?

Nikueleze kilichotokea, maana si mkosi wako, ni ubovu wa programu yenyewe. Mlangoni kuna mlinzi. Ameandikiwa kwenye karatasi: akija mtu anayetaka "chumba cha sauti", muulize neno la siri. Wewe umekuja ukasema "chumba cha cha sauti", kama mwenye kigugumizi. Mlinzi akaangalia karatasi, hakuona "cha cha sauti", akasema hicho hakinihusu, pita. Ndani kuna mhudumu. Yeye alisikia kigugumizi akaelewa unachotaka, akakupeleka moja kwa moja. Mlinzi anasoma herufi, mhudumu anasoma nia, na hawajawahi kuzungumza wao kwa wao.

Nikajaribu kigugumizi chako kwenye seva ya kliniki. Nikajikuta ndani ya majalada ya wagonjwa. Nilifunga haraka, lakini jina moja nilishaliona na ugonjwa wake, na sasa silisahau.

Mkuu wa kazi alidhani natania. Nikampa kiti changu, nikamwambia agonge mara mbili. Akagonga, kisha akauliza nimejuaje. Nikasema ni ndugu yangu mmoja, mtaalamu wa kujitegemea. Tuliwaandikia waliotengeneza programu, wakashukuru, wakatuletea kiraka cha kuzibia tundu hilo. Nimeziba kliniki, shule, maduka, vyote.

Ukurasa wetu sijauziba.

Kila jioni naufungua, naweka kidole, nauacha. Nikiziba, hutaingia tena ila kwa neno la siri, na hilo siwezi kukupa. Nilimwahidi bibi. Kwa nini aliniapisha, unajua, kama umesikia yote. Umesikia yote? Hilo usinijibu.

Sikiliza kwa sasa. Ukiwa tayari, niambie.

Mjukuu wako


Nyumbani,
2 Mei

Mjukuu wangu,

Salamu. Barua yako ilifika upesi, jibu ndilo lililochelewa, na posta haina kosa. Kila niliposhika kalamu nilikumbuka kuwa nikikujibu leo, kesho asubuhi nitakunywa chai na ukuta. Nikaiweka kalamu chini. Nimeiba siku hizo, na wala sijutii.

Hii Mwalimu hajaiona. Makosa utakayoyakuta ni mali yangu halali.

Kwanza nimecheka. Maisha yangu yote nimepigwa kwa ajili ya tahajia. Kumbe ipo milango inayofunguka kwa mtu anayekosea tu! Mwambie mkuu wako mtaalamu wa kujitegemea anakula mkate mkavu na anapokea zawadi.

Sasa basi. Ulisema nisijibu. Mimi mtoto wa kike hajawahi kuniamrisha nikatii, muulize mama yako. Nimesikia yote. Nimemsikia akisema anajua hatarudi. Nimemsikia akisema, "Mzee asiambiwe, akijua atakuja, na sitaki kinyozi wangu anione kichwa hiki." Kichwa kile nilikishika mimi tangu alipokuwa msichana, nikakijua kila kovu na kila mzunguko wa nywele. Mimi huku mkaniambia anaendelea vizuri, nisubiri. Nikasubiri. Nilikuwa nanoa mkasi, nikisema akirudi nywele zitakuwa zimepita masikio.

Nilikuwa na hasira nawe asubuhi tatu au nne hivi. Asubuhi iliyofuata nilisikia ulivyokuwa ukimnyoa, ukimwimbia ule wimbo wako usio na kichwa wala miguu, naye akicheka, na wembe ukikwaruza. Hasira ikakosa mahali pa kukaa. Yaishe hapo. Ukileta habari za msamaha nitairudisha barua bila kuifungua.

Ziba.

Mlango unaonifungukia mimi kwa kuteleza kidole utamfungukia kila mwenye kidole. Mke wangu hakutaka hata mimi nimwone bila nywele. Leo nimwache akae kwenye chumba ambacho mpita njia yeyote mwenye kigugumizi anaweza kuingia, akaketi, akamsikia akilia? Na huyo wa kliniki uliyeona jina lake, naye ana mtu wake mahali.

Neno la siri siombi. Kama ulimwahidi, ulimwahidi. Nimeingia kwa mke wangu kama mwizi wa kuku, sitakaa sasa nibishe hodi kama mtu wa heshima.

Ila jambo moja, kisha nanyamaza. Ile sauti ya mwisho kabisa hujaisikiliza. Najua, kwa sababu ungeisikiliza usingeniandikia ulivyoniandikia. Mnaongea kidogo, halafu unasema, "Ngoja nikachemshe maji." Mlango unalia. Chombo umekisahau kinarekodi. Kimya kirefu. Kitanda kinalia. Halafu anasema kitu.

Sikuandikii alichosema. Kakisikilize mwenyewe. Na uketi.

Babu


Mjini,
20 Mei

Babu, shikamoo.

Dobi wa chini amehama. Ngazi sasa hazinuki kitu.

Nimeziba. Nilingoja umalize asubuhi yako, nikaona umetoka, ndipo nikaweka kiraka.

Kesho yake nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta saa yako ilipofika. Nikaona ombi limeingia, vistari viwili. Limekataliwa. Baada ya kitambo, tena, vistari viwili. Limekataliwa. Ulikuwa umeniambia nizibe, na bado ulikuja. Kwenye kioo ilikuwa mistari miwili midogo ya herufi, lakini babu, nilikuwa kama mtu aliyekaa ndani anamsikia wa kwao akipiga hodi na hafungui.

Jioni nilivuta kiti, nikaketi. Nikasikiliza ile ya mwisho. Tangu mazishi nilikuwa sijafungua hata moja. Nilikufungia wewe, nikajifungia na mimi.

Nilikisikia alichosema. Nilirudia mpaka chai ikapoa.

Mtu hasemi na mtu ambaye hataki amsikie. Mimi alinifunga kwa ahadi, halafu nilipotoka akaifungua mwenyewe. Kwa hiyo neno la siri nimelibadilisha, na ni lako. Ni yale maneno mawili ya mwisho aliyokuambia nilipokuwa nachemsha maji. Yaunganishe bila nafasi, herufi zote ndogo. Hapa siyaandiki. Barua hupita mikononi mwa watu, na jirani yako ana kalamu.

Kistari kimoja tu, babu. Kimoja.

Mjukuu wako


Nyumbani,
14 Juni

Mke wangu mdogo,

Salamu. Paka amegawa watoto wake wote, amebaki analala kwenye kiti changu na kuniangalia kama mgeni aliyepitisha muda. Shangazi yako yupo, chakula kimeanza kufika na uvuguvugu.

Ulipofunga, nyumba ilinyamaza mpaka nikasikia saa ya ukutani, ambayo nilidhani imekufa. Siku ya tatu hodi. Mwalimu. Akaangalia viatu vyake kama hao watu wako wa ngazini. "Mzee, yule mama hajambo? Simsikii." Loo! Kumbe mzee mwenzangu alikuwa akisogeza kiti chake ukutani kila asubuhi, anywe chai na mke wangu bila kualikwa. Nilitaka kumtukana, nikakuta sina tusi. Nikamkaribisha. Tukanywa chai wawili, akanisahihishia tahajia kwenye kibandiko cha kopo la sukari.

Halafu barua yako ikaja. Nikanawa mikono, usiniulize kwa nini. Nikaketi. Mkono wa kushoto nikaushikisha wa kulia usirukeruke, nikagonga kistari kimoja. Mlango ukaniuliza neno la siri. Nikaandika. Ukakataa.

Nikaandika tena, polepole. Ukakataa. Nikasema kidole hiki! Nikaandika kwa kidole cha mkono mwingine. Ukakataa. Nikasema basi, mtoto amekosea, au hakusikia vizuri, au kuna mtu ameamua juu huko kwamba mimi ni mtu wa kuachwa nje. Nikafunga kompyuta. Nikakaa na mkasi wangu.

Nilikuwa karibu kusinzia niliposikia, si kwenye kompyuta, humu kichwani, kile kicheko chake cha mpiga taipu anayemkamata karani akikosea. Nikafungua. Nikaangalia nilichoandika kwenye karatasi ya kujikumbusha. Unajua nilikuwa nimeandika nini? Ulale salama. Ulimi juu! Ku-la-la! Miezi yote hii ya kalamu nyekundu, Mwalimu alikuwa ameniponya, na mimi sina habari. Nimefungiwa nje ya chumba cha mke wangu kwa kuandika vizuri!

Yeye hakusema ulale, hata siku moja. Pale kitandani, wewe uko kwenye maji yako, alisema: "Haya, mzee. Urare salama."

Nikakosea kama ilivyoandikwa. Uraresalama. Mlango ukafunguka.

Nimemsikiliza kutoka mwanzo. Mwalimu nilimgongea ukuta, asogeze kiti.

Sasa na wewe. Ile picha yako mpya nimeiona. Nani anakukata nywele, mbuzi? Njoo nyumbani nikutengeneze. Mkono unatetemeka, sikufichi, lakini masikio unayo mawili. Nitaanzia nyuma, shingoni, taratibu.

Barua hii Mwalimu ameiomba nimemnyima.

Urare salama.

Babu